Sikio Kwanza, Herufi Baadaye: Mwongozo wa Kunyoosha Matamshi ya Kifaransa

Msomaji wa Kiswahili amelelewa na maandishi yanayosema kweli. Akiona neno "mchungwa" analitamka lote, herufi kwa herufi, wala hakosei. Mazoea hayo ndiyo yanayomponza anapofungua kitabu cha Kifaransa. Beaucoup lina herufi nane lakini sauti nne tu: b, o, k, u. Ils parlent hutamkwa sawasawa na il parle. Herufi tatu zilizoongezeka hazisikiki hata kidogo. Aliyejifunzia kwenye karatasi hufika mbele ya Mfaransa au Mkongo akiwa na sarufi nzuri kichwani, lakini sauti zinazomtoka mwenzake hazitambui. Naye akijibiwa haelewi, kwa sababu maneno aliyoyakariri hajawahi kuyasikia.

Mwongozo huu ni wa mtu wa namna hiyo. Pengine ulisoma Kifaransa sekondari kikaishia pale. Pengine unaongoza watalii Arusha, au unauza vitenge Kariakoo na wateja wako wengi wanatoka Kongo, Burundi na Komoro. Pengine unajiandaa kwa mtihani wa DELF. Kifaransa unacho kiasi. Kinachokwama ni kukitoa mdomoni na kukipokea sikioni.

Ushauri wangu wa kwanza ni mkubwa kuliko yote yatakayofuata: neno jipya lisiingie kwa kupitia macho. Lisikie, lirudie kwa sauti, ndipo utazame limeandikwaje. Leo hili halina gharama. Kamusi za mtandaoni zina kitufe cha sauti, Wiktionary ya Kifaransa imewekewa rekodi za maneno mengi mno, na tovuti ya Forvo hukusanya sauti za wenye lugha yenyewe na kukuonyesha kila mmoja anatoka nchi gani. Ukilisoma neno kwanza, utalitamka Kiswahili-Kiswahili kichwani, na kulifuta tamko hilo baadaye ni kazi ngumu kuliko kujifunza neno jipya.

Uliyonayo tayari mdomoni

Kabla ya kuhangaikia sauti ngeni, jihesabie kwanza ulizonazo. Herufi oi za Kifaransa hutamkwa "wa", na Kiswahili kimejaa sauti hiyo: moi ni "mwa" ya mwaka, toi ni "twa" ya twanga, quoi ni "kwa" yenyewe. Gn ya montagne na gagner ni "ny" ya nyama. Ch ni "sh" ya shamba, kwa hiyo usiisome kama ya chai. Th ni t tupu: thé hutamkwa "te", bila ile th ya thelathini. H haitamkwi kabisa. Hôtel ni "otel", homme ni "om".

P, t na k zinahitaji uangalifu kidogo. Mswahili wa Mombasa au Lamu hutenganisha paa la nyumba na paa mnyama kwa pumzi: paa wa porini hutoka na mpulizo, paa la nyumba halina. P ya Kifaransa ni ile ya nyumba. Weka kiganja mbele ya mdomo, useme Paris, papa, table. Ukihisi upepo kiganjani, punguza.

Kuna zawadi nyingine ambayo wanafunzi wengi wa kwetu hawajui kuwa wanayo. Chukua sentensi hii: Elle arrive avec un ami. Elle, arrive na avec yote huishia kwa konsonanti ukiyatamka pekee. Lakini Mfaransa hayatamki pekee. Konsonanti ya mwisho ya neno huhamia kwenye neno linalofuata ikiwa hilo linaanza kwa irabu, na kinachotoka ni hiki: e-la-ri-va-ve-ke-na-mi, huku ile "ke" ikipitia puani. Silabi nane, na kila moja inaishia kwa irabu, kama vile mtu anaongea Kiswahili. Si sentensi zote zitakazonyooka hivyo, lakini mwelekeo wa lugha ni huo. Kwa hiyo acha kukata neno moja moja. Soma kwa silabi, na uache maneno yashikane.

Pale ambapo neno linaishia kwa konsonanti na hakuna irabu ya kulipokea, funga mdomo hapo hapo. Ulimi wetu una tabia ya kuongeza irabu mwishoni, ndiyo maana tukapata keki na benki. Tabia hiyo katika Kifaransa hutoa "aveki" na "saki", na msikilizaji hupotea. Sema avec, ubane k, halafu nyamaza.

Mkazo nao unahama. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho. Kifaransa hukazia ya mwisho, tena si ya kila neno bali ya fungu zima la maneno. Katika une petite fille, uzito wote unakwenda kwenye fille. Zoezi lake ni jepesi: soma sentensi polepole na upige kofi moja tu, mwishoni mwa kila fungu. Mkono ukitaka kupiga kabla ya hapo, uzuie.

Wingi na wakati vimekaa ndani ya irabu

Hapa ndipo ningekutaka ukae muda mrefu zaidi. Wanafunzi wengi huanza na r, kwa kuwa ndiyo inayosikika kigeni zaidi. Mimi nasema anza na e.

Sababu ni hii. Katika le livre na les livres, ile s ya wingi haisikiki mwishoni. Livre na livres ni sauti moja. Wingi wote umebebwa na le na les. Kwa sikio, Kifaransa kinafanya kama Kiswahili: tunasema kitabu na vitabu, na tofauti iko mwanzoni. Ukitamka le na les kwa e moja ile ile ya Kiswahili, umefuta wingi. Mteja ameomba mizigo, wewe umesikia mzigo.

Wakati wa kitenzi nao uko hapo hapo. Je finis ni namaliza. J'ai fini ni nimemaliza. Finis na fini havina tofauti yoyote kwa sikio. Tofauti yote imekaa kati ya je na j'ai. Ndivyo ilivyo pia kwa je dis na j'ai dit. Fikiria mazungumzo ya malipo ambamo huwezi kutofautisha "ninasema" na "nimesema".

E ya Kiswahili ni moja. Hapa zinahitajika tatu. Ya les, j'ai na parler hutamkwa midomo ikiwa imetandazwa kama ya mtu anayetabasamu, meno karibu, ulimi umepanda kuielekea i. Ya lait na mère hutamkwa kwa taya lililoshuka. E yetu iko karibu zaidi na hii. Ya le, je na de ni fupi, hafifu, na midomo imeviringana kidogo. Simama mbele ya kioo useme le, les, le, les mpaka uone midomo ikibadilika umbo kila mara. Midomo isipocheza, sauti haijabadilika, hata kama wewe unahisi imebadilika.

Ukishaishika ile e ya tabasamu, irabu tatu ngeni za Kifaransa hupatikana kwa kanuni moja: ulimi ubaki, midomo iviringike. Sema "iii" ndefu. Usiusogeze ulimi hata kidogo, ila viringisha midomo kama unayetaka kupiga mluzi. Hiyo ni u ya tu, rue na vu. Fanya hivyo hivyo kwa e ya les, utapata eu ya deux na bleu. Fanya tena kwa e iliyofunguka ya mère, utapata ile ya sœur na peur.

Hiyo u ina kazi nzito. Ou ya Kifaransa ndiyo u yetu ya kuku. U ya Kifaransa ni nyingine kabisa. Tu ni wewe, tout ni yote. Rue ni mtaa, roue ni gurudumu. Dessus ni juu yake, dessous ni chini yake, na anayepakia kontena la vioo anajua tofauti hiyo ina thamani gani. Tena angalia beaucoup: mwisho wake ni u ya kuku. Ukiviringisha midomo ukatoa ile nyingine, umemshukuru mtu kwa neno la aibu.

Katika nuit, lui na huit, ile u ya mluzi hupita haraka sana kuelekea i. Ukitumia w ya Kiswahili badala yake, lui inageuka kuwa Louis, jina la mtu.

Irabu za puani

Kiswahili kina m na n nyingi, lakini hakina irabu inayotoka puani yenyewe. Ndiyo maana tunasoma bon na kuigonga n kwa ulimi. Katika bon, ulimi haugusi popote. Hewa inagawanyika, nyingine mdomoni, nyingine puani, na mdomo unabaki wazi hadi mwisho. Shika pua yako kwa vidole viwili ukisema bon: sauti itaziba na kutikisika. Sasa sema beau huku umeshika pua vile vile, haibadiliki kitu. Huo ndio ukaguzi wako, na unaweza kuufanya popote bila mwalimu.

Sentensi ya kufanyia mazoezi ni un bon pain blanc, mkate mweupe mzuri. Ina irabu nne za puani mfululizo, na kila moja ina umbo lake la mdomo. Paris siku hizi wengi hutamka un kama in ya pain, kwa hiyo wao wanabaki na tatu. Kusini mwa Ufaransa na Ubelgiji bado utazisikia zote nne. Chagua mojawapo uendelee nayo. Usichoweza kuacha ni tofauti ya blanc na blond, ya vent na vont: ya kwanza mdomo umefunguka, ya pili umeviringana.

Mtego wetu mkubwa uko pale irabu ya puani inapofuatwa na b au d, kwa maana Kiswahili kina mb na nd zilizoshikana. Combien hutoka "ko-mbie", monde hutoka "mo-nde". Zitenganishe: vuta ile irabu ya puani kwa muda, halafu ndipo useme b au d pekee.

Irabu hizi ndizo pia zinazobeba jinsia. Bon ni ya kiume, haina n inayogongwa. Bonne ni ya kike, ina n inayogongwa na haina pua. Vivyo hivyo cousin na cousine, Jean na Jeanne. Katika maneno mengine jinsia husikika kwenye konsonanti inayoamshwa na e ya mwisho: petit na petite, grand na grande. Sisi ambao lugha yetu haigawi watu kwa uke na ume inabidi tulizoeze sikio kusubiri mwisho wa neno.

Konsonanti chache za kuangalia

J ya Kifaransa si j ya jambo. Sema "shhh" kama unayemnyamazisha mtoto, kisha washa sauti kooni bila kubadilisha kitu kingine, kama unavyotoka s kwenda z. Hiyo ndiyo ya je, jamais na jeudi. Weka vidole kooni: vikitetemeka, umeipata. Ukianza kwa kugonga ulimi, umerudi kwenye j ya jambo.

S moja kati ya irabu ni z. S mbili ni s. Poisson ni samaki, poison ni sumu. Anayetoka kwenye lugha ya mama isiyotenganisha l na r atenge muda wa loi na roi, lire na rire, maana hapa maneno yanabadilika.

Mwishoni mwa neno, d, s, t, x, z na p kwa kawaida hunyamaza. C, f, l na r mara nyingi husikika. Lakini er ya vitenzi kama parler na manger ni e tu, wakati mer na hiver hutamkwa na r yake. Tena konsonanti iliyonyamaza huweza kuamka neno linalofuata likianza kwa irabu: les amis ni "lezami", vous avez ni "vuzave". Sikiliza vizuri ils ont na ils sont, wanacho na wao ni: z katika la kwanza, s katika la pili. D inapoamka hugeuka t, kama katika un grand homme. Baada ya et usiunganishe kamwe. Na kuna maneno yanayoanza kwa h yanayokataa kuunganishwa: les héros, mashujaa, ukiyaunganisha unawaita masifuri.

Sasa r. Nimeiweka mwisho kwa makusudi, kwa sababu ukiitamka kwa ulimi kama tunavyofanya, utaeleweka. Watu wengi wa Afrika wanaozungumza Kifaransa kila siku hufanya hivyo. Lakini ukitaka ile ya Paris, mtu wa pwani anayo karibu yote. Sema lugha, ghali, shughuli, kwa gh iliyokamilika ya Unguja au Mvita. Iburute ile gh ya lugha, ilainishe, uisogeze nyuma kidogo kuelekea kimio. Sasa weka irabu: gha, ghe, ghi. Sema Paris, rouge, merci. Ikitanguliwa na p, t, k au f, sauti hupungua kooni na r husogea kwenye kh ya kheri: ndivyo inavyosikika katika trois, prendre na crier. Anayesema "gali" au "hali" badala ya ghali aanze kwa kunyoosha hiyo gh ya Kiswahili. Atakuwa amepata lugha mbili kwa zoezi moja.

Dakika moja ya sauti kwa wiki nzima

Wengi husikiliza redio ya Kifaransa kwa masaa huku wanapika, wakidhani sikio litafunguka lenyewe. Linazoea muziki wa lugha, ni kweli, lakini haliokoti maneno. Afadhali dakika moja iliyochimbwa kuliko saa nzima iliyopita.

Chagua kipande cha dakika moja chenye maandishi yake. Siku ya kwanza kisikilize bila kutazama maandishi, uandike unachosikia. Siku ya pili linganisha na maandishi, utie mstari kila mahali sikio lilipokosea. Hapo ndipo matamshi yako pia yanapokosea, mara nyingi pale pale. Siku zinazofuata sema pamoja na msomaji, sauti juu ya sauti, nusu pumzi nyuma yake, bila kusimama. Mwishoni mwa wiki jirekodi kwa simu na usikilize rekodi mbili, yako na ya msomaji, moja baada ya nyingine. Inachosha, na ndiyo inayofanya kazi.

Kwa kipande hicho hakuna chanzo kizuri kama Journal en français facile cha RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa: taarifa ya habari ya dakika 10, iliyopunguzwa makali kwa ajili ya wanaojifunza, na maandishi yake huwekwa mtandaoni. Nasi tuna njia ya mkato ambayo wanafunzi wa nchi nyingi hawana. RFI ina idhaa ya Kiswahili, iliyoanza Dar es Salaam mwaka 2010. Sikiliza kwanza habari za siku kwa Kiswahili, uzijue, ndipo uzisikilize kwa Kifaransa. Ukishajua habari yenyewe, sikio linabaki na kazi moja tu, kukamata sauti. Unaweza kufanya hivyo pia na Radio Okapi, redio ya Umoja wa Mataifa nchini Kongo iliyoanza mwaka 2002. Inatangaza kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwemo, na huko utasikia Kifaransa cha Kiafrika, kile utakachokutana nacho sokoni.

Televisheni ya TV5Monde nayo ina mazoezi ya bure ya video, kuanzia ngazi ya A1 hadi B2. Kwa nyimbo, Stromae, Mbelgiji mwenye baba Mnyarwanda, hutamka kwa usafi mkubwa, na Gaël Faye, aliyezaliwa Bujumbura mwaka 1982, huyapima maneno yake hata anaporap. Jihadhari na jambo moja tu: katika nyimbo, zile e hafifu ambazo watu huzimeza huimbwa. Katika mazungumzo samedi ni "samdi", na je ne sais pas huishia kuwa kitu kama "shepa". Jifunze sauti kwenye wimbo, mwendo ujifunze kwenye mazungumzo.

Simu yako pia ni mtahini. Weka lugha ya kuandika kwa sauti kuwa Kifaransa, useme tu, tout, je finis, j'ai fini, uone inaandika nini. Haioni haya wala haikuonei huruma. Inakosea mara nyingine, hasa kwa neno moja pekee, kwa hiyo ipe sentensi fupi. Na ukiwa na mwenzako anayejifunza, fanyeni mtihani wa kusikia: mmoja ageuze mgongo, mwingine aseme rue au roue, wa kwanza ataje ni lipi. Usiposikia tofauti, usijisumbue kuitamka bado; rudi kwenye kusikiliza.

Watafute watu

Sauti inakomaa kwa watu, na Wafaransa si lazima wawepo. Burundi na Rwanda ziliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kongo ikafuata mwaka 2022, na Wakongo walikuwa wakinunua Kariakoo, wakivuka Kigoma na kuishi Nairobi muda mrefu kabla ya hapo. Wakomoro, ambao lugha yao ni ndugu wa Kiswahili na ambao Kifaransa ni mojawapo ya lugha zao rasmi, wapo Unguja, Dar es Salaam na Mombasa. Makanisa ya Wakongo Nairobi huchanganya Kifaransa, Kilingala na Kiswahili katika ibada moja. Alliance Française, jumuiya iliyoanzishwa Paris mwaka 1883, ina vituo Dar es Salaam, Arusha, Nairobi, Mombasa na Kampala. Hata usipomudu ada ya kozi, uliza kuhusu maktaba, filamu na maonyesho yao.

Faida ya kuzungumza na Mkongo wa Bukavu au Lubumbashi ni kwamba mna lugha ya kuokolea jahazi. Kifaransa kikikwama mnavuka kwa Kiswahili, halafu mnarudi. Mtu wa Lubumbashi mwenyewe hufanya hivyo mchana kutwa. Kiswahili chake kina bon, donc na puisque katikati ya sentensi, na kwa kumsikiliza tu utajua vitu hivyo vinatamkwaje na vinakaa wapi. Ila afikiana naye kwanza: nusu saa ya Kifaransa, kisha Kiswahili. Bila makubaliano, Kiswahili kitashinda kila siku.

Msalimie kabla ya shida yako. Bonjour monsieur, bonjour madame, ndipo neno jingine lifuate. Kwa Mkongo aliyekuzidi umri, papa na maman ni heshima inayojulikana. Tumia vous mpaka yeye akuruhusu kutumia "tu". Usishtuke akisema septante na nonante kwa sabini na tisini. Ndivyo wanavyohesabu Ubelgiji, na Kongo, Rwanda na Burundi zimerithi. Ufaransa watasema soixante-dix na quatre-vingt-dix, kwa hiyo sikio lako lizijue zote mbili kabla ya kutaja bei. Utawasikia pia baadhi wakitamka u ya mluzi kama i tupu. Waelewe, lakini kwa mtihani shika ile iliyoviringana.

Usiombe mtu "anisahihishe" kwa jumla. Adabu itamzuia, au atakukatiza kila neno mpaka uchoke. Mwambie: "Leo nisikilize le na les tu. Nikikosea, inua kidole." Kesho iwe jambo jingine. Na asipokuelewa, usipandishe sauti. Rudia sentensi nzima polepole kwa kuichezesha midomo, kwa sababu tatizo karibu kila mara liko kwenye irabu.

Kwa anayekwenda kufanya DELF, kumbuka sehemu zote nne zina alama 25 kila moja, kufaulu ni 50, na ukipata chini ya 5 katika sehemu yoyote umeanguka hata kama jumla inatosha. Watahini hawadai lafudhi ya Paris. Wanataka kukuelewa bila kuhangaika. Lafudhi ya Mwanza, ya Kisumu au ya Zanzibar inaweza kubaki katika Kifaransa chako na isimkere mtu yeyote, mradi les iwe les na tu isigeuke tout.

Kwa hiyo usiisubiri kozi ianze. Leo usiku tafuta kioo na rekodi moja fupi, anza na je finis na j'ai fini, na usiguse r mpaka hizo mbili ziachane.